Kipaza Sauti ni Kipi? Istilahi za Sauti katika Programu za Simu

Aghalabu wataalamu wa Kiswahili huiona kazi ya kuunda programu za simu kuwa ya wahandisi peke yao. Mtazamo huo una walakini. Mhandisi akishaamua sauti itokee wapi, hana budi kumweleza mtumiaji, na maelezo hayo ni maneno. Maneno yakipotoka, programu iliyo sahihi kihandisi humpotosha mwenye simu.

Mfano wa Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, unatosha. Huko lugha ya kwanza ya wengi ni Kipsigis. Kiswahili hupatikana shuleni na sokoni. Katika simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa spika za masikioni ndio antena. Mchuma chai anayetaka kusikiliza Kass FM pamoja na wenzake huchomeka waya huo, kisha huchagua sauti itokee kwenye spika ya simu yenyewe. Ni dhahiri, basi, kwamba kuchomekwa kwa waya si idhini ya kuipeleka sauti masikioni. Mtumiaji hana budi kupewa chaguo, na chaguo hilo lipewe jina linaloeleweka.

Kinyume chake ni waya unapochomoka. Mfumo wa Android huziarifu programu kwamba sauti i karibu kutokea hadharani, na programu iliyoundwa vyema husita papo hapo. Kinacholindwa hapa ni faragha: ujumbe wa sauti kuhusu ugonjwa au deni usisikiwe na abiria wote wa matatu. Aidha, tangu Android 12 iliyotolewa mwaka 2021, mwandishi wa programu ya mawasiliano anaweza kuiomba simu orodha ya vifaa vilivyopo, kisha akateua kimoja: spika ya simu, kile cha kusikilizia sikioni, au kifaa cha Bluetooth. Uhandisi umekwisha kutenganisha vifaa hivi. Je, lugha imevitenganisha?

La. Neno "kipaza sauti" hutumiwa kwa kifaa kinachopokea sauti ya msemaji na pia kwa kile kinachoitoa. Chanzo cha utata huu si kigumu kukibaini. Katika mikutano ya hadhara vifaa hivyo viwili vilifanya kazi pamoja, hivyo jina moja lilitosha kwa mtambo mzima. Katika simu, kila kimoja huzimwa peke yake. Chukulia mkulima anayehudhuria mkutano wa chama cha akiba kwa simu. Anabonyeza palipoandikwa "Zima kipaza sauti", akidhani wenzake hawamsikii tena. Kumbe kilichozimwa ni spika: yeye ndiye asiyewasikia, ilhali maneno anayomwambia mkewe kuhusu mweka hazina yanasikika na wote. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Istilahi "vipokea sauti", inayotumiwa kwa vifaa vya masikioni, nayo haijanusurika. Msomaji asiyeizoea anaweza kudhani kinachopokea sauti ni kile anachokisemea. Ingefaa kifaa cha kusemea kiitwe "maikrofoni" daima. Kinachotoa sauti kiitwe "spika". Na vile vinavyovaliwa viitwe "spika za masikioni". "Kipaza sauti" kibakie jina la mtambo wa mikutanoni, kisiwekwe kwenye kitufe cha simu.

Wapo watakaopinga kwamba "spika" ni kiongozi wa Bunge, na kwamba kukopa ni uvivu. Pingamizi la kwanza ni jepesi: hakuna anayemtafuta kiongozi huyo ndani ya simu yake. La pili lina uzito zaidi, kwani Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kunyambua. Hata hivyo, istilahi hupimwa kwa kumfikisha mtumiaji anakokwenda. "Kipaza sauti" ni neno lililonyambuliwa kwa ufasaha, lakini humpoteza. "Spika" ni la mkopo, nalo humfikisha.

Kwa hivyo, idara za Kiswahili hazina budi kuwatuma wanafunzi wao kwa waunda programu, na kuzijaribu istilahi kwa wasemaji wa Sigowet kabla ya kuziidhinisha. Neno linaloeleweka ukumbini pekee halijakomaa.