Alizeti tunayo, mbona tunapikia ya dukani?



Nina dukuduku kuhusu mafuta ya kupikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, wilayani Iramba, Singida. Huku kwetu mkulima asiyelima alizeti ni wa kuhesabu.

Mwezi uliopita nilikuwa nafundisha somo la vyakula. Nikasifu mafuta ya alizeti. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona ya jikoni kwetu shuleni yananunuliwa dukani?" Darasa likacheka. Mimi sikuwa na jibu.

Ukweli ndio huo. Tukishavuna, mnunuzi anakuja na lori na mizani yake, magunia yote yanaondoka. Baada ya muda mama yule yule aliyepalilia alizeti anamtuma mtoto dukani na kichupa akapimiwe mawese yaliyosafishwa kiwandani, ambayo mengi yametoka Malaysia na Indonesia. Siyadharau mawese. Yale mekundu ya ndugu zetu wa Kigoma yana asili ya vitamini A. Lakini wekundu ukiondolewa kiwandani, faida hiyo nayo huondoka, na karibu nusu ya mafuta hayo ni ya ile aina inayoongeza lehemu katika damu. Katika alizeti aina hiyo ni kama sehemu moja tu kwa kumi. Baba yangu mdogo alipooza upande mmoja mwaka jana. Sisemi ni mafuta peke yake, ila maradhi haya si ya watu wa mjini tu.

Hata hiyo alizeti tunaiharibu wenyewe. Pita barabara kuu uone chupa zilivyopangwa juani kutwa ili zing'are. Jua na hewa huyachachisha mafuta. Nami nilikuwa naweka dumu langu dirishani mpaka yakanuka; sasa linakaa kabatini, limefungwa. Na akina mama wa maandazi, mnisamehe, mafuta yaliyokwisha kuwa meusi tii yamwagwe, yasiongezewe mapya juu yake.

Nimependekeza kila kaya itoe debe moja la alizeti kwa ajili ya chakula cha shule, na mwenye mashine ya kukamulia achukue mashudu kuwa ujira wake. Wazazi wengine wananiambia sare na madaftari hununuliwa kwa alizeti hiyo hiyo, na wapo waliokwisha kula fedha ya mnunuzi mazao yakiwa bado shambani. Siwezi kuwalaumu. Lakini debe moja?

Naomba walimu na maofisa ugani wa sehemu nyingine zinazolima alizeti watueleze, kupitia ukurasa huu, kama wamekwisha jaribu na walipatana vipi na wenye mashine. Kikao chetu cha wazazi ni kabla ya mavuno, na mnunuzi kwa kawaida hututangulia.

Mwalimu wa Kijijini,
Iramba, Singida.