Programu ya maji kujaa na kupwa iwekwe kundi gani?

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo sisi waandishi wa programu hulimaliza kwa nusu dakika: kuchagua kundi la kifurushi. Umeandika programu, umeijaribu, unaitayarisha iingie katika Debian au FreeBSD, kisha unafika kwenye mstari unaouliza: hii ni ya kundi gani? Wengi huandika neno la kwanza linalowajia, wakaenda kulala. Mimi nasema mstari huo ndio mlango. Ukiuweka upande usiofaa, mgeni atazunguka nyumba mpaka achoke, aende zake.

Tuchukue mfano wa karibu. Kuna programu huria iitwayo XTide, iliyoandikwa na David Flater. Kazi yake ni kukokotoa saa za maji kujaa na kupwa. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni jambo la wataalamu. Hapa Mtangawanda ni ratiba ya safari. Mashua za kutoka Amu kuja kisiwa cha Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, na maji yakikupwa sana kupita ni taabu. Kwa hiyo anayetaka kusafiri kesho huuliza maji kabla ya kuuliza nauli.

Sasa, katika FreeBSD XTide iko wapi? Iko katika kundi la "astro", yaani elimu ya nyota. Usicheke! Aliyeiweka huko ana hoja. Maji huvutwa na mwezi na jua. Ndiyo maana bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja mwezi ukiwa nusu. Mabaharia wetu wamekuwa wakihesabu maji kwa tarehe za mwezi kabla kompyuta haijazaliwa. Kielimu, basi, si kosa.

Lakini nahodha akitafuta saa za maji, atafungua kundi la nyota? Sidhani. Humo humo "astro" utakuta GPSBabel, ya kuhamisha data za vifaa vya GPS, na JOSM, ya kuhariri ramani ya OpenStreetMap. Nyota, ramani na maji ya bahari, vyote chumba kimoja.

Kanuni yangu ni hii: weka kifurushi pale mtumiaji atakapokwenda kukitafuta. Usiangalie kimetokana na elimu gani, wala kimeandikwa kwa lugha gani ya programu. Mzigo ukishushwa gatini hapa, hakuna anayeupanga kwa kiwanda ulikotoka. Wa Pate huwekwa huku, wa Siyu kule, kwa sababu mwenyewe ndivyo atakavyouulizia.

Jambo la pili: orodha ya makundi hufanana na watu walioiandika. Debian ina kundi zima la "hamradio", la wapenzi wa redio za mawasiliano ya ridhaa. Kundi la mabaharia hakuna. FreeBSD ina makundi ya lugha: Kiarabu, Kiebrania, Kihangari, Kivietinamu na nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo.

Labda utasema, basi tudai kundi la Kiswahili! Hapo mimi nasita. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ingekuja leo, ningeiweka pamoja na programu za ofisi. Mwalimu anayetaka kuandika barua hutafuta kitu cha kuandikia barua. Lugha ni sifa yake ya pili. Tukijifungia chumba chetu peke yetu, atakayepita sebuleni hatajua kama tupo. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili, hiyo sawa, lugha ndiyo kazi yake.

Na tafadhali usikimbilie "misc", kundi la mchanganyiko. Hata mwongozo wa FreeBSD wenyewe unashauri utafute kundi bora zaidi, kwa kuwa vifurushi vilivyomo humo husahaulika.

Tatizo kubwa ni kulazimishwa neno moja. Debian hukupa kundi moja tu kwa kila kifurushi. FreeBSD inakuruhusu kutaja kadhaa, ila la kwanza ndilo linaloamua folda. Menyu za kompyuta zinazofuata kanuni za freedesktop.org nazo hukubali majina mengi kwa programu moja. Enrico Zini wa Debian alianzisha Debtags, mfumo wa kubandika lebo nyingi kwa kila kifurushi, akifuata fikira za S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, ambaye mwaka 1933 alitoa mpango wa kuainisha vitabu kwa pande zake mbalimbali. XTide ni elimu ya mwezi, ni bahari, ni safari. Kwa nini ichague?

Kuna watakaoniambia makundi yamepitwa na wakati, siku hizi mtu anaandika neno na kutafuta. Sawa, lakini neno gani? Anayejua "bamvua" na "maji mafu" hawezi kuandika jina la Kiingereza asilolijua. Kutafuta kwa neno humfaa anayejua jina la kitu. Makundi humfaa anayejua haja yake tu, na ndio wengi. Huyo akifungua orodha kumi akibahatisha, bando linakwisha na hajapata kitu.

Kwa hiyo ukifika kwenye ule mstari, muulize mtu mmoja atakayeitumia programu yako: ungeitafutia wapi? Andika jibu lake kwanza, la mtaalamu lifuate. Kisha andika maelezo mafupi yanayotaja kazi yenyewe. Debian ina mradi wa kutafsiri maelezo ya vifurushi, DDTP. Sentensi mbili za Kiswahili zenye neno "bamvua" zitamsaidia nahodha kuliko kundi jipya lenye jina zuri.