Fasihi ama Lugha? Tusichague kwa Woga



Siku hizi hapa Kakuma wadogo zetu wanatuuliza swali moja kila jioni tunapowasaidia masomo: "Kaka, nichukue Fasihi ama nibaki na lugha tu?" Tumechoka kuwajibu mmoja mmoja, kwa hiyo tunaandika.

Sisi wa 8-4-4 hatukuwa na uchaguzi. Kiswahili kilikuwa karatasi tatu: insha, lugha, fasihi. Upende usipende, unafanya zote. Kiingereza vilevile, sarufi na riwaya chini ya somo moja. Lakini walioanza Gredi ya 10 Januari 2026 wana mambo mengine. Kiingereza na Kiswahili bado wanasoma, ila Fasihi ya Kiingereza na Fasihi ya Kiswahili ni masomo ya kuchagua, upande wa Sayansi za Jamii. Na masomo ya kuchagua ni matatu tu. Ukichukua Fasihi, pengine umeacha Kifaransa, Kiarabu, Jiografia ama Biashara.

Wazazi wengi wanasema, "Hadithi zitakulisha nini? Soma lugha, upate kazi ya ukalimani." Hatuwacheki. Kazi ya ukalimani hapa kambini inalisha nyumba, tunaijua. Na lugha si mchezo. Siku moja tulikuwa kwenye ofisi fulani, mama mmoja wa upande wa Lubumbashi anaeleza shida zake. Akasema, "Bwana yangu ananipika." Mkalimani, kijana mwenzetu aliyesomea Kiswahili cha Kenya, akatafsiri kwamba mume wake anampikia. Watu wakatabasamu. Mama akanyamaza. Kwa Kiswahili cha kwao, kupika ni kupiga. Bahati nzuri mmoja wetu alikuwa anakijua, akarekebisha. Asingekuwepo je? Yule mama angerudi nyumbani kwa mtu yuleyule, na faili inasema anapikiwa.

Hapo ndipo tulielewa faida ya isimujamii, ile mada tuliyokariri kwa ajili ya mtihani: lahaja, rejista, lugha kubadilika kutoka mahali hadi mahali. Kwa sisi tuliotoka Kongo tukisema "bitu" na "batu", tukachekwa darasani mpaka tukaogopa kunyoosha mkono, ile mada ilikuwa dawa. Ilituambia kwamba hatukuzaliwa na Kiswahili kibovu. Tuna cha nyumbani, na tunajifunza sanifu juu yake.

Sasa mtasema, basi lugha imeshinda. Ngojeni kwanza.

Mama yule yule, baada ya neno kurekebishwa, alisimulia habari yake. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akaruka mwaka mzima, akazungumza sana juu ya sufuria iliyopotea njiani. Aliyekuwa anaandika akauliza mara tatu, "Mbona hasemi kwa mpangilio?" Kila neno alilipata vizuri. Kilichompita ni ile hadithi. Mtu aliyefundishwa fasihi amekutana na masimulizi ya namna hiyo darasani. Amezoea kujiuliza kwa nini msimulizi ameruka pale, kwa nini anashikilia kitu kidogo, ni nini hataki kukisema. Hawezi kukimbilia kusema huyu anadanganya.

Na sisi wenyewe tunaulizwa hadithi zetu kila mwaka, kwenye mahojiano na kwenye barua za kuomba ufadhili. Asiyejua kusimulia maisha yake, wengine watamsimulia, na watamsimulia vibaya.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Sarufi na matumizi ya lugha utavipata kwenye masomo ya lazima, huvikosi. Fasihi usipoichagua, nafasi ya kuisoma kwa kina imepita. Kama moyo wako uko huko, ichukue. Kama Kiingereza bado kinakusumbua kwa sababu ulianza shule kwa Kifaransa, Fasihi ya Kiswahili ipo, na si somo la wavivu kama watu wanavyosema. Lakini kama kweli unataka ukalimani, na tayari unasoma vitabu bila kusukumwa, nafasi hiyo mpe Kifaransa ama Kiarabu, hatutakulaumu. Tunachokataa ni kuchagua kwa woga: kuacha Fasihi kwa sababu vitabu ni vinene, ama kuichukua kwa sababu rafiki ameichukua.

Nyinyi wa mashirika, na nyinyi mna sehemu yenu. Shule haiwezi kufundisha somo ambalo halina mwalimu wala vitabu. Tulikuwa tunasoma kitabu kimoja watu wengi, tunakigawana kurasa, na mwenye ukurasa wa mwisho ndiye anatuambia nani alikufa. Kabla ya kuwaambia watoto "chagueni", tuhakikishe kuna cha kuchagua. Na mkitafuta wakalimani, msiulize tu anajua Kiswahili. Ulizeni ni Kiswahili cha wapi.

Wadogo zetu, fomu bado ziko mikononi mwenu. Kaeni na mzazi, kaeni na mwalimu, halafu njooni jioni tuongee. Tupo.