ISIPUNGUE NA ISIZIDI

Kila mtahiniwa wa KCSE ayajua maagizo ya karatasi ya kwanza ya Kiswahili: andika insha mbili, na kila insha isipungue maneno 400. Neno lenyewe ni hilo, isipungue. Kwa hivyo tangu Kidato cha Kwanza tumefunzwa kurefusha. Tukiulizwa habari za mvua, twaanza na jua. Twatia methali mbili, tanakali za sauti tatu, twapamba mpaka ukurasa ujae. Silaumu, maana ndiko ziliko alama. Lakini iko insha nyingine ambayo wengi wetu hatujafunzwa, na amri yake ni kinyume kabisa: isizidi.

Nasema juu ya insha fupi ya kuomba nafasi katika chuo cha sanaa za maonyesho, yaani uigizaji, muziki na densi. Hapa kwetu KUCCPS hutupeleka vyuoni kwa alama na kwa kozi tulizochagua. Haimwulizi mtu kwa nini anapenda ngoma. Vyuo vingi vya Marekani huuliza. Humtaka mwombaji aonyeshe sanaa yake, ana kwa ana au kwa video, halafu aandike. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi huko, Common App, haikubali insha kuu ipite maneno 650. Juu ya hiyo, chuo chaweza kuongeza maswali yake madogo, pengine ya maneno 250 tu: Kwa nini sanaa hii? Kwa nini hapa kwetu?

Maoni yangu ni kwamba insha hiyo yataka jambo moja la kweli ambalo wewe peke yako waweza kulisema. Na sisi wa shule za kutwa, tusio na pesa za mshauri, twaweza kuiandika vizuri kama mtoto wa tajiri yeyote. Kinachotuzuia ni mazoea ya mapambo.

Chukueni mfano wa binamu yangu, aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka wa 2024. Yeye hupiga isukuti. Sisi wa huku Kakamega twazijua zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga zake. Mwaka wa 2014 UNESCO iliitia isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Basi binamu alipotaka kuomba chuo, jamaa mmoja wa saibaa alimwambia, "Lete mia tano, uje kesho uchukue insha." Kesho yake akapewa karatasi tamu kweli kweli. Ilisema ati tangu utotoni moyo wake umewaka moto wa sanaa, kwamba sanaa ni kioo cha jamii, na kwamba atakuwa balozi mwema wa nchi yake. Sasa niambieni, ngoma imetajwa wapi humo? Ondoa jina lake, tia la mcheza sarakasi wa Mombasa, na hakuna kitakachoharibika.

Ilhali binamu mwenyewe ana mengi ya kusema. Usiku mmoja wa matanga mvua ilinyesha, ngozi ya ngoma ikalegea, ikawa inalia kama debe lenye maji. Mzee mmoja akamwonyesha namna ya kuikausha motoni polepole, maana ukiisogeza karibu mno yapasuka. Akamfunza kuigonga kwa kidole na kusikiliza mpaka sauti irudi. Tangu siku hiyo hapigi kabla ya kusikiliza. Jamani, si hiyo ndiyo insha? Video itamwonyesha akipiga, lakini haitamwonyesha akisikiliza kando ya moto. Hiyo ndiyo kazi ya yale maneno 250.

Nilimwambia hivyo, akaandika upya. Aliandika kwanza kwa Kiswahili, lugha anayofikiria nayo, kisha akaigeuza kwa Kiingereza chepesi. Akakata salamu zote za mwanzoni. Mahali pa kukisifu chuo kuwa bora duniani, akataja somo moja analotaka kusoma kule na sababu yake. Majibu bado hayajaja, na huenda akakataliwa. Lakini kama ni kukataliwa, atakataliwa yeye, siyo yule jamaa wa saibaa.

Wako watakaosema, "Kwani siku hizi si kuna programu za akili unde? Waiambia tu, nayo yakuandikia bure." Ni kweli yaandika, tena haraka. Lakini haikuwako kwenye matanga yale. Itakupa ule ule moto wa moyoni na kile kile kioo cha jamii, na msomaji wa huko ameshasoma karatasi kama hizo mpaka amechoka.

Wengine watasema hizi ni ndoto za mbali. Mbali ni mbali, lakini njia imewahi kupitwa. Lupita Nyong'o wetu alihitimu uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 2012, na mwaka wa 2014 akapata tuzo ya Oscar. Shule hiyo ya Yale, ambayo hasa ni ya wenye shahada ya kwanza, ilipewa dola milioni 150 mwaka wa 2021, na tangu hapo wanafunzi wake hawalipi karo ya masomo. Asiyeandika hataitwa.

Tena sisi tuna haraka kuliko wadogo zetu. KCPE yetu ya 2023 ilikuwa ya mwisho, na KCSE yetu ya 2027 itakuwa ya mwisho pia. Wale wa Gredi ya 10 walioanza Januari 2026 wamewekewa mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Sisi wa 8-4-4 hatukuwekewa mlango huo, basi yatupasa tubishe wenyewe.

Nikitamatisha, naiomba kamati ya Chama cha Kiswahili itenge mkutano mmoja kila muhula. Kila mwanachama aandike maneno 200, yasizidi hata moja, juu ya kazi anayoipenda: kuimba, kughani, kuigiza, hata kushona maleba ya tamasha. Methali marufuku siku hiyo. Kisha tusomeane bila kutaja majina. Wenzako wakitambua kwamba hii ni yako, umefaulu. Wasipotambua, chukua kalamu urudi mezani.