NDUMBA HAZIKIMBII DAKIKA TISINI



Ndugu zangu katika imani, leo tuseme wazi jambo ambalo wengi wetu tunalichekea. Kila yanapokaribia mashindano ya mpira, huku kwetu Igogwe na Tukuyu, na huko mliko nyinyi pia, huundwa "kamati ya ufundi". Jina zuri! Mgeni atadhani ni watu wa kupanga mazoezi. Kumbe ni watu wa kukusanya michango na kupanda bodaboda usiku kwenda kwa mganga. Wanarudi na hirizi za kufunga kiunoni, dawa ya kumwaga golini, na sharti la kuruka ukuta badala ya kupita mlangoni.

Na wanaochanga wamo akina Abdallah na Ramadhani, vijana waliosimama nasi safu moja siku ya Ijumaa. Hapo ndipo siwezi kunyamaza.

KWANZA: HUKUMU YAKE

Amepokea Imam Ahmad kutoka kwa Uqba bin Aamir (r.a) kwamba lilikuja kundi la watu kumi kwa Mtume (s.a.w). Akapokea bai'a ya tisa, akamwacha mmoja. Walipouliza sababu, wakaambiwa amevaa hirizi. Ilipokatwa, ndipo akapokea bai'a yake, na akabainisha kuwa kuvaa hirizi ni shirki. Na katika Sahih Muslim imekuja kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Swala yake haikubaliwi siku arobaini. Wanazuoni wamefafanua kuwa haina maana aache kuswali. Swala bado ni faradhi kwake, ila thawabu zake zimepotea.

Hebu piga hesabu, kijana. Swala tano kwa siku arobaini ni Swala mia mbili. Umeziuza kwa mechi ya kugombea mbuzi!

PILI: MTUME ALIFUNDISHA MAANDALIZI

Katika Bukhari na Muslim, Ibn Umar (r.a) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w) alishindanisha farasi. Waliotayarishwa walikimbia masafa marefu, kutoka Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa. Ambao hawakutayarishwa wakapewa masafa mafupi, mpaka msikiti wa Banu Zurayq. Farasi aliyetayarishwa alilishwa akanenepa, kisha akapunguziwa chakula na kutolewa jasho mpaka mwili ukakaza.

Umeona? Kila mmoja alipewa safari kulingana na mazoezi yake. Hakuna farasi aliyefungwa kitu shingoni ili apate pumzi. Pumzi inatafutwa kwa jasho. Hii ndiyo sunna ya Allah katika miili, kwa farasi na kwa winga wako wa kushoto.

TATU: MTAZAMENI MBWANA SAMATTA

Simtaji ili nishuhudie siri zake. Siri za mja anazijua Mola wake. Namtaja kwa kinachoonekana kwa macho.

Mwaka 2011 aliondoka Simba kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi. Akavumilia ugeni. Mwaka 2015 Mazembe wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akafunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na timu ikawa bingwa. Novemba 2019 akafunga kwa kichwa Anfield, mbele ya Liverpool waliokuwa mabingwa wa Ulaya. Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, Aston Villa, na mwezi Machi akafunga Wembley kwenye fainali dhidi ya Manchester City.

Kisha ukaja mtihani. Villa alipata bao moja tu la ligi, akaondoka. Mitandaoni wakamkejeli, na wengine walikuwa haohao waliompongeza jana. Je, alikaa chini kulia kwamba amerogwa? Alihama, akaanza upya, na mwaka 2024 akawa bingwa wa Ugiriki na PAOK, umri umeshapita thelathini. Ule ni mwili uliotunzwa na moyo uliokataa kuvunjika. Beki wa Ulaya hamjui mganga wa kijijini kwako, na wala hamwogopi.

NNE: HATA HAPA KWETU TUNA USHAHIDI

Wazee wa Rungwe mnakumbuka mwaka 1986. Tukuyu Stars ilitoka kupanda daraja, ikaenda kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara mbele ya Simba na Yanga. Timu ya milima hii hii! Vijana wetu wamezaliwa kwenye baridi na miteremko ya mlima Rungwe, wanapandisha mikungu ya ndizi mabegani tangu utotoni. Allah amewapa uwanja wa mazoezi ambao wengine wanasafiri mbali kuutafuta. Halafu mnakwenda kununua nguvu kwenye kichupa?

SHUBUHA ZAO

Watasema: "Ustadh, ni saikolojia tu, inawapa vijana moyo." Moyo gani huo unaopotea hirizi ikikatika? Mchezaji wa namna hiyo akifungwa bao la kwanza anatazama kiuno chake badala ya kutazama mpira.

Watasema: "Wenzetu wanafanya, tusipofanya tutarogwa." Basi kama timu zote mbili zimekwenda kwa mganga, na moja lazima ifungwe, nani ameshinda kila mara? Mganga! Yeye kalipwa pande zote. Aprili 2022, kule Orlando Stadium, Afrika Kusini, watu wa Simba walionekana wamewasha moto uwanjani kabla ya mechi. Nia zao namwachia Allah. Matokeo yalikuwa haya: walitolewa kwa penati, na CAF ikawatoza faini.

Watasema: "Huyu wetu anatumia Qur'ani." Kisomo cha sheria ni kumwomba Allah, hakina kafara ya kuku mweusi wala kuruka ukuta. Usifunike najisi kwa kitambaa cheupe.

NA TUKIFUNGWA JE?

Ngamia wa Mtume (s.a.w) aitwaye Al-Adbaa alikuwa hashindwi mbio. Siku moja bedui akaja na ngamia wake mchanga, akamshinda. Masahaba wakahuzunika. Mtume akawafundisha kuwa ni haki ya Allah, hakuna cha dunia kinachopanda ila atakishusha. (Bukhari.) Hakutafutwa mchawi pale. Huo ndio ukakamavu wa muumini: unajiandaa, unapambana, unafungwa, unampa mkono aliyekushinda, kesho alfajiri umo mazoezini.

Makocha: mchango wa mganga nunueni mipira na maji ya kunywa. Wazazi: mwanao akiomba hela ya "ufundi", muulize ufundi gani. Na wewe mchezaji: anza na Swala ya alfajiri kwa jamaa, halafu panda kilima kwa mbio. Aliyeshindwa kuutupa mto saa kumi na moja asidai kwamba amerogwa dakika ya themanini.

Aliye na hirizi akiisoma hii, aikate leo na atubu. Mlango uko wazi.

Ewe Allah, tukinge na shirki tunayoijua na tusiyoijua, na uitie nguvu miili ya vijana wetu katika twaa yako. Aamiin.

Wallahu a'lam. Mfikishie mwenzako, hasa aliye kwenye kamati.