Wazazi, msiwafiche watoto hesabu za nyumbani

Wazazi wenzangu, watoto waone pesa inavyokwenda. Kila Jumapili, nikishaamka baada ya zamu ya usiku, mimi na binti yangu hufungua jedwali la Excel: kodi ya nyumba, umeme, nauli, chakula, na pesa za bibi kule nyumbani. Safu hiyo ya mwisho niliificha miaka mingi. Nilituma kila simu ilipolia, mpaka kadi ikakataa dukani Kenton Road, mtoto akiwa kando yangu. Sasa yeye ndiye anayeandika, kwa Kiswahili, na makato ya kutuma pia. Juzi akaniuliza, "Mama, mbona mjomba mara tatu mwezi huu?" Nilikosa jibu. Tovuti ya MoneyHelper ina kikokotoo cha bajeti, bure. Anzeni hapo. Mjomba bado hajui kwamba anaandikwa.