Shanga za Kioo: Tuuze Ziwa Letu, Tusishindane na Kiwanda

Zile shanga ndogo za mviringo zinazouzwa zikiwa zimetungwa kwenye nyuzi zinatoka viwandani ng'ambo. Hata shanga ambazo dada zetu wa Kimaasai wanatungia mapambo yao, kwa miaka mingi sehemu kubwa imetoka Jamhuri ya Czech. Kiwanda kinatoa mamilioni, zote sawasawa, kwa bei ya chini. Kikundi cha Kamunyonge kikijaribu kutengeneza shanga za namna hiyo, kitapoteza mkaa na muda.

Hata hivyo, sisemi tuiache kazi ya kioo. Ninachosema ni kwamba tutengeneze kile ambacho kiwanda hakina: ushanga wenye umbo la dagaa, sato, kamongo au konokono wa ziwa. Na tuanze bila mkopo.

Kwa nini ziwa?

Wapo wanaoiga picha za bahari: pweza, nyota ya bahari, farasi wa bahari. Ni vizuri, lakini hayo ni ya Zanzibar na Bagamoyo. Mgeni anayetoka Butiama kuona makumbusho ya Mwalimu, au anayetoka Serengeti kupitia lango la Ndabaka, hatanunua pweza Musoma. Akiona dagaa wa kioo atauliza ni samaki gani, na hapo una la kumweleza. Maelezo hayo ni sehemu ya bei.

Biashara ya shanga tangu zamani inamtaka muuzaji amjue mnunuzi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba shanga kama fedha. Rangi iliyopendwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na aliyebeba rangi isiyotakiwa alibaki na mzigo asiweze hata kununulia chakula. Somo hilo halijazeeka.

Tanzania na Kenya zinao mfano wa kutosha. Arusha kuna karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, ambako mafundi wengi wakiwa ni watu wenye ulemavu hutumia chupa zilizotupwa kutengeneza shanga, glasi na mapambo. Kitengela, kusini mwa Nairobi, wanafanya kazi ya kioo kilichokwishatumika tangu miaka ya 1990. Hawa wote hawauzi kwa urahisi wa bei. Wanauza umbo na habari ya kitu kilikotoka.

Kwa nini sasa?

Wewe unayeanika dagaa unaijua kalenda ya mwezi kuliko mimi. Giza likiwepo, taa zinawaka ziwani na kazi ipo. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inapumzika, vichanja vinakaa vitupu, na matumizi ya nyumbani hayapumziki. Msimu wa mvua nao ni hasara nyingine: dagaa akinyeshewa kabla hajakauka, anakuwa chakula cha kuku. Ushanga hauozi. Ukitengenezwa siku za mbalamwezi, unaweza kukaa kwenye kopo miezi sita ukisubiri mnunuzi. Hiyo ndiyo faida kubwa ninayoiona kwa kina mama wa mwaloni: kuziba pengo la siku hizo, bila kuacha dagaa.

Njia ya kufuata

Wengi wakisikia kioo wanafikiria mtungi wa gesi na bomba la moto mkali. Njia hiyo ipo, ila vifaa ni ghali. Wakrobo wa Ghana wanatumia njia nyepesi zaidi, na vitu vyake tunavyo. Wanaponda chupa kuwa unga, wanaujaza kwenye kalibu ya udongo wa kichuguu iliyopakwa udongo mweupe ili kioo kisigande, kisha wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo ndani ya unga. Kalibu ikichomwa, kikonyo kinaungua na kuacha tundu la kupitisha uzi.

Kwa samaki wetu, chonga umbo lake kwenye udongo kabla haujakauka, kisha simamisha kikonyo mahali pa jicho. Tundu ndilo litakuwa jicho. Mkia ufanye mnene, kwa sababu mwembamba utavunjika. Jaza unga hadi ufanye kilima, maana ukiyeyuka unashuka. Kalibu zikauke kabisa kabla ya kuchomwa; yenye unyevu itapasuka. Mfinyanzi wa jirani atakusaidia hapo kuliko mtu yeyote.

Tanuru lifike kama nyuzi joto 800, yaani ndani yake kung'ae wekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Kioo kikishashikana, ziba mlango na uache kila kitu kipoe taratibu hadi kesho yake. Anayefungua mapema ili aone matokeo atakuta nyufa, na nyingine hujitokeza siku chache baadaye, mnunuzi akiwa ameshaondoka nao. Mwisho, sugua kingo kwenye jiwe lenye maji hadi zisikwaruze ngozi.

Chupa zipi?

Usivunje chupa za soda na bia zinazorudishwa. Hizo ni fedha ya kreti. Tumia chupa za mvinyo na pombe kali zisizorudishwa, au vipande vinavyobaki kwa mafundi wa madirisha. Ila usichanganye kioo cha dirisha na cha chupa, wala chupa za aina mbili, ndani ya ushanga mmoja. Kila kioo hutanuka na kusinyaa kwa kiasi chake, na vikitofautiana ushanga unapasuka wakati wa kupoa. Kioo cheupe kinafaa kwa dagaa, cha kijani kwa sato, cha kahawia kwa kamongo. Kioo cha mbele cha gari kiache, kina plastiki katikati.

Jambo moja sitalipunguzia uzito. Vumbi la kioo linaumiza mapafu na macho. Ponda kwenye kinu cha chuma kilichofunikwa kwa kitambaa kilicholowa, vaa barakoa na miwani, na watoto wawe mbali. Kinu hicho kisirudi jikoni kamwe. Tena, usiponde wala kuchekecha karibu na vichanja vya dagaa. Kipande kimoja cha kioo kwenye gunia la dagaa kitaharibu jina la mwalo mzima, na hakuna shanga zitakazolipa hasara hiyo.

Hesabu

Chukua mfano huu, kisha uweke bei zako. Mkaa 20,000, nyuzi na vikulabu vya hereni 10,000, nguvu kazi ya siku tatu 30,000. Jumla 60,000. Umechoma samaki 80, ishirini wamepasuka. Ukigawa kwa 80 unapata 750 kila mmoja, na hapo unajidanganya. Gawa kwa 60 waliobaki wazima: 1,000 kila mmoja kabla ya faida. Ukiuza kwa 800, kila mteja anaondoka na shilingi 200 zako. Kwa sababu hiyo tanuru lisiwashwe mpaka lijae, na nguvu kazi ihesabiwe hata kama ni ya mama mwenye nyumba.

Kuhusu mkopo

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni haki yenu kuomba. Lakini mkopo usio na riba bado unarudishwa, na ukienda vibaya utalipwa kwa fedha ya dagaa, iliyokuwa ada ya mtoto. Maoni yangu ni haya: kikundi kisiombe mkopo wa shanga mpaka kiwe kimeuza samaki 100 wa kioo kwa watu wasio ndugu wala majirani. Mkifika hapo, mtaandika andiko lenye hesabu za kweli, na mtaweza kwenda ofisi ya SIDO mkoani kuulizia tanuru bora mkijua mnachokitaka.

Mbalamwezi ijayo, anzeni na kalibu kumi na chupa za rangi moja. Chomeni, hesabuni wazima na waliopasuka, muandike kwenye daftari la kikundi. Wakipasuka wote, mmepoteza mkaa kidogo na chupa za jalalani. Wakitoka hata sita wazuri, wapelekeni mahali wageni wanaposhuka, mtaje bei yenu, mnyamaze. Jibu la mgeni huyo ndilo litakaloamua kama mnawasha tanuru tena.